Rafiki wa Vikombe Vitatu

Wübke Harms aliuza mikate pale Weener mpaka kichwa kikajaa mvi, na muda wote huo hakumwambia mteja hata mmoja "lipa kwanza". Aliyesahau pochi nyumbani alifungiwa mkate wake akaenda zake, na kesho yake akarudi na hela. Ndivyo tulivyo huku Frisia Mashariki, pembeni kabisa kaskazini mwa Ujerumani. Hatuna maneno mengi na hatukumbatiani ovyo, lakini mtu akishakunywa chai mezani kwako, kumdai dhamana ni kumtukana. Wübke alilelewa hivyo, na hayo ndiyo yaliyomponza.

Chai yenyewe ina mambo yake. Unatia bonge la sukari gumu, unamimina chai ya moto mpaka linaalika, yaani linapasuka kwa mlio, unaongeza malai, na hukorogi. Mgeni hunywa vikombe vitatu. Akiishia njiani amekudharau. Akishatosheka anatumbukiza kijiko kikombeni. Asipokitumbukiza utaendelea kumjazia, na wageni wa kutoka kusini wameshateseka sana kwa kutolijua hilo.

Folkert, mumewe, alikuwa mfunguaji wa daraja la mto, lile linaloinuliwa meli zipite, mtu wa miraba minne aliyewatania manahodha wote kwa majina. Mwaka jana figo zikamgoma. Ikawa mara tatu kwa wiki gari linakuja kumpeleka mji wa Leer akasafishwe damu kwa mashine, maana bila hiyo hafiki wiki mbili, na miguu nayo ikaisha nguvu. Hata kunywa alipimiwa: nusu kikombe asubuhi, nusu jioni, maana maji yakizidi mwilini mwake hayakuwa na pa kutokea. Na wao wanaishi ghorofani, juu ya saluni ya Meike, kwenye ngazi kali kama zilivyo ngazi zetu zote. Hospitali ikaona heri wampeleke nyumba ya wazee, akalazwa chumba kimoja na babu anayewaita ng'ombe wake kutwa nzima. Folkert hakulalamikia kitu. Ila kila Wübke alipokwenda kumwona, alimwambia neno lilelile.

"Nirudishe nyumbani, mke wangu."

Kilichohitajika ni kiti cha ngazi, kile cha umeme kinachopanda na kushuka juu ya reli. Bima walisema ombi linashughulikiwa, na kwa kushughulikia kwao mtu anaweza kuzikwa na kaburi likaota majani. Kiti kipya hawakukimudu. Wübke akaanza kutafuta kilichotumika kwenye tovuti ya matangazo, akakipata, reli yake urefu uleule wa ngazi zake. Muuzaji alijiita Hilke, wa Norden. Alisema kilikuwa cha marehemu baba yake.

Meike alikuwa amemwonya mapema. Kwenye ile huduma ya kutuma pesa mtandaoni kuna njia mbili. Ukichagua ya kununua bidhaa, inakatwa ada kidogo, na mzigo usipofika unarudishiwa pesa yako. Ukichagua ya ndugu na rafiki, hakuna ada, na pesa ikienda imekwenda.

"Mama Wübke, hata akulilie, usibonyeze ya rafiki," alisema Meike, mkasi mkononi, mteja akitikisa kichwa kukubali. Wübke akamjibu kwamba yeye si mtoto.

Halafu Hilke akapiga simu. Alizungumza lugha yetu ya nyumbani, si Kijerumani cha kwenye televisheni, na kabla ya kutaja bei alimuuliza Folkert anaendeleaje. Akasema subiri kidogo, birika langu limechemka. Wübke naye akamimina yake, na katika simu akaisikia sukari ikialika kwenye kikombe cha mwenzake. Walikunywa hivyo, kila mmoja mezani kwake. Wakazungumzia baba wanaokataa kusaidiwa, na wauguzi wanaowasemesha wazee kama watoto wachanga. Hilke alilia kidogo alipomtaja baba yake. Wübke akalia naye.

Baada ya kikombe cha tatu ulisikika mlio wa kijiko. "Haya dada, mimi nimetosheka," alisema Hilke, na Wübke akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Folkert aondoke nyumbani.

Hapo tu ndipo wakaingia kwenye biashara. Mume wa Hilke angekileta kiti Jumamosi na kukifunga mwenyewe. "Tuma kwa upande wa marafiki tu, dada. Ile ada wanaila bure, na sisi tumeshakunywa chai."

Wübke aliziangalia zile njia mbili kwenye kioo cha simu. Kuchagua ile yenye ulinzi baada ya vikombe vitatu kungekuwa kama kumpekua mgeni mifuko anapoaga. Aliona haya. Akabonyeza rafiki, na akiba yao yote, euro elfu mbili na mia nne, ikaondoka.

Jumamosi alifagia ngazi, akapanga vikombe, akamnunulia mume wa Hilke keki. Hakuja mtu. Simu ikawa haipatikani. Jioni Meike alifunga saluni akampakia kwenye gari mpaka Norden, kwenye anwani aliyopewa. Alitoka mzee mmoja mwenye viatu vya matope, akawatazama, na kabla hawajasema lolote akauliza, "Kiti cha ngazi?" Hawakuwa wa kwanza kuja kwake. Meike hakusema nilikwambia, na kwa hilo Mungu ambariki.

Polisi waliandika maelezo yake, wakamwambia asitegemee sana. Kwenye huduma ya malipo alipokewa na kijana mpole. Alimweleza kwamba ulinzi wa mnunuzi ni wa wanunuzi, na yeye hakununua kitu.

"Bibi Harms, wewe mwenyewe umetuambia kwamba huyu ni rafiki yako."

"Nilijua ni rafiki," alisema Wübke.

Wapo waliomcheka hapa mjini, na ningependa kuwanyima chai mpaka wafe. Mwizi wa mbali hanisumbui. Angekosea kitu, angekoroga, Wübke angemshtukia. Huyu hakukosea. Chai ile alifundishwa na mama yake, kama sisi sote, akaigeuza mtego wa kumnasia mwanamke anayemuuguza mumewe. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Ilimchukua Wübke siku kadhaa kupata ujasiri wa kumwambia Folkert. Alimweleza yote, pamoja na kilio. Folkert hakuuliza habari za pesa.

"Kwani alijua kunywa?"

"Alijua. Hata kijiko."

Babu wa kitanda cha pili alikuwa anaita ng'ombe. Kisha Folkert akauliza kama mume wa Meike na majirani wanaweza kumbeba mpaka juu.

"Mara moja wanaweza," alisema Wübke. "Lakini si mara tatu kwa wiki, kupanda na kushuka, na mwili wako huo."

"Mara moja inanitosha."

Wübke alidhani amekumbuka nyumbani, anataka kuja kushinda na kulala usiku mmoja. Wakambeba Jumapili, wanaume wanne, wakimtania uzito wake na yeye akiwarudishia. Walipoondoka alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, anapoliona daraja. Wübke alimpasha habari kwamba gari la mashine litampitia hapohapo kesho asubuhi, vijana watakuja kumshusha. Folkert akaitikia kwa kichwa. Akaomba chai.

Alimpimia nusu kikombe, kama alivyoagizwa.

"Jaza," alisema Folkert.

Akajaza, kwa sababu ya furaha ya siku ile. Folkert alikinywa chote polepole, akakisogeza kikombe. Akajaziwa cha pili. Alipokisogeza tena ajaziwe cha tatu, Wübke alilishika birika bila kumimina.

"Folkert, mashine ni kesho."

"Mwambie dereva asijisumbue."

Wübke alimtazama mpaka akaelewa. Alilia machozi yake yote palepale, birika mkononi, na Folkert akamngoja amalize. Kisha Wübke akatia sukari, akamimina, nayo ikaalika. Folkert akanywa. Akakirudisha kikombe mbele ya mkewe, na kijiko akakiacha mezani.