Nyota Niliyoidhania Doa

Nilipata kazi ya kuandika historia ya gazeti la mji ambao sijawahi kuukanyaga. Ni gazeti la kila siku la mji wa wastani kusini mwa Marekani. Jengo lake limeuzwa, mitambo imeondolewa, na wamiliki wapya hawana hamu na habari za mji ule. Wanachotaka ni yale ya zamani: kila toleo lipigwe picha, liwekwe kwenye tovuti, na mbele yake pawe na historia fupi ya kupendeza kwa ajili ya watu wanaotafuta habari za mababu zao. Maboksi yakaletwa kwa ndege mpaka London, yakarundikwa kwenye ghala moja Hounslow, na mimi, mwenye digrii ya historia na barua za kukataliwa kazi zisizo na idadi, nikapewa kiti katikati yake.

Nilikuwa natoka Tottenham kwa mama kila asubuhi, nikibadilisha treni Finsbury Park, na njia nzima nawaza kama jana nilikosea kitu. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Nilihesabu mara ngapi msimamizi amenisalimia na mara ngapi amenipita kimya.

Msimamizi ni mzee wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa. Siku ya kwanza alisikia nikizungumza na mama kwenye simu, akacheka. "Kumbe wewe wetu! Basi hapa mimi ni anko, na kazi yataka haraka, si maswali."

Kabla ya kuandika chochote ilibidi nichambue. Kwenye maboksi mengi kulikuwa na nakala mbili za kila siku. Sheria ilikuwa rahisi: tarehe moja, ukurasa wa mbele uleule, baki na nakala iliyo safi zaidi, nyingine tupa kwenye kizimba cha waya mlangoni. Kila Alhamisi lori lilikuja kukibeba kizimba, karatasi zikaenda kusagwa.

Nikawa hodari. Niliweka nakala mbili sambamba, jicho likapita juu, mkono ukaamua. Mara nyingi nakala moja ilikuwa na kialama cheusi kando ya tarehe, kinyota kidogo kuliko punje ya mchele. Nilidhani ni wino uliodondoka mtamboni. Nilikihesabu kuwa doa. Nakala hiyo ndiyo niliyoitupa, boksi baada ya boksi, wiki baada ya wiki, na anko akapita nyuma yangu akisema, "Binti, wewe mashine!" Nami nikafurahi. Naandika hili nikiwa nimekunja ngumi: nilifurahi.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa mama mmoja mzee wa mji ule. Alikuwa anatafuta tangazo la mazishi ya mama yake. Alikuwa mdogo wakati ule, hakukumbuka maneno, na nakala ya nyumbani iliharibiwa na maji. Alitaja mwaka na mwezi. Nikatafuta kwenye picha zetu, sikuona kitu. Nikamjibu kwa maneno tuliyopewa: tumetafuta, kwa masikitiko hatukupata.

Alijibu siku hiyohiyo. "Umetafuta kwenye gazeti la Wazungu. Tafuta lile lenye nyota."

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto mkaidi. Gazeti lilikuwa moja kwa jina tu. Kwa nyumba za Wazungu lilikwenda na ukurasa wa soko la hisa. Kwa mitaa ya watu weusi ukurasa huo ulitolewa, ukawekwa mwingine: harusi zao, watoto wao waliohitimu, wagonjwa wao, maiti wao. Nyota ya ukurasa wa mbele ilikuwa ya kuwaambia wagawaji bunda lipi liende mtaa upi. Mzungu angeweza kulisoma gazeti maisha yake yote asijue kwamba jirani zake weusi wanaoana na kufa.

Niliisoma barua ile mara ngapi sijui. Kisha nikaenda kwenye kizimba.

Ilikuwa Jumatano. Nikaanza kutoa magazeti, nikiyafungua moja moja hapo hapo sakafuni. Katikati ya kila lenye nyota palikuwa na ukurasa ule. Wanawake wenye kofia za kanisani. Wahitimu wa uuguzi wamesimama kwenye ngazi. Mtoto aliyeshinda shindano la tahajia. Sura zangu, sura za shangazi zangu.

Anko akaja. "Wafanya nini? Hiyo ni taka hiyo."

"Anko, siyo nakala mbili. Ni magazeti mawili tofauti. Tazama huu ukurasa."

Akatazama, nisimdhulumu. Alitazama kitambo. Kisha akasema, "Mkataba wasema toleo moja kwa siku. Wao ndio wenye gazeti. Mimi na wewe twapiga picha tu."

"Kwa hiyo tunawabagua mara ya pili?"

"Usinipandishie sauti, binti. Mimi nimefukuzwa madukani mji huu kabla wewe hujazaliwa. Wajua mangapi nimemeza?"

"Basi usinimezeshe na mimi."

Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Na bado sehemu ya kichwa changu ilikuwa inajiuliza kama nimetumia maneno sahihi. Akatoa funguo za kizimba mfukoni, akaziweka juu ya boksi. "Lori yaja kesho saa nne. Ukichukua, mimi sikuona."

Nilitoa nilichoweza. Mwaka aliouhitaji yule mama haukuwemo. Nililitafuta boksi lake kwenye orodha: nililichambua mwenyewe katika wiki yangu ya pili, na kando yake nilikuwa nimeweka alama ya vema.

Historia niliiandika, na ukurasa ule niliuweka katika aya ya kwanza. Wamiliki wakairudisha imefutwa aya hiyo, badala yake wakaandika kwamba gazeti liliwahudumia wakazi wote wa mji bila kuchoka. Nikakataa kuipitisha. Majaribio yangu yakaishia hapo, kwa barua ya mistari mitatu. Historia iko kwenye tovuti, unaweza kuisoma, na ni ya uongo.

Lakini hilo silo lililokuwa linanikosesha usingizi. Yule mama alikuwa bado anasubiri jibu. Niliandika, nikafuta. "Limepotea" ulikuwa uongo. "Limeharibiwa" ni neno la kumficha mtendaji.

Mama yangu, ambaye anahudumia wazee majumbani, alinikuta mezani Jumamosi mchana. "Bado unaandika barua hiyohiyo? Mwanangu, mtu wa umri ule utamtumia barua? Mpigie."

"Nitamwambia nini?"

"Si unajua ulichofanya? Mwambie hicho."

Nikampigia. Kule ilikuwa asubuhi, nikasikia redio jikoni kwake. Nikasema nakala yenye nyota ilikuwepo, ilivuka bahari ikiwa nzima, na mimi ndiye niliyeitupa kwa mkono wangu kwa sababu nilidhani nyota ni uchafu. Nikaanza kuomba radhi.

Akanikatiza. "Wewe ni Mzungu?"

"Hapana."

"Mungu wangu," akasema. Redio ikazimwa. Kisha akauliza, kwa hasira ambayo sikuwa na haki ya kuikwepa, "Kuna zilizobaki?"

Nilimwambia ninazo mia na kitu, chini ya kitanda changu.

"Sitaki pole yako. Chukua ya juu kabisa. Nisomee ukurasa wetu, majina yote, usiruke hata moja."

Nikapiga magoti, nikaivuta. Niliposoma jina la tatu, alinisimamisha. "Huyo alinifundisha hesabu," akasema. "Alikuwa mkali. Soma tena."