Kanda ya Misa ya Wafu

Mungu na asifiwe kwa subira anayonipa, maana Jumapili iliyopita nusura iniishe. Mhubiri wetu mzee aliwasha violini na kwaya ya Kilatini kwenye spika, akatuambia tuinamishe vichwa. Niliutambua muziki ule: ni ule wa kanda ya Baba.

Alasiri moja utotoni mwangu, jirani yetu Kiprono alipita nyumbani akinuka majani mabichi ya chai, akamkuta Baba kando ya redio.

"Baba Akinyi, wiki hii unasikiza kanda gani?"

"Misa ya wafu. Utalia, bwana."

"Mimi bado ni ile ya piano. Hata ng'ombe anatoa maziwa vizuri nikiiweka."

Mhubiri huyu huyu, wakati huo kijana, alisikia akiwa mlangoni. "Wafu? Mnaabudu wafu?" Akaitoa kanda redioni, akauvuta utepe wote hadi nyasini. Nilijificha nyuma ya Mama, nikingoja wafu watoke.

Hakutoka mtu. Leo najua lilikuwa ombi tu, kwamba Mungu awapumzishe waliokufa. Baba alijaribu kuurudisha utepe ndani ya kanda kwa kuuzungusha na kalamu ya biro, mpaka ukakatika, na hakupata kanda nyingine kama ile. Alikufa bila kuombwa msamaha, na hasira yangu haijapoa.

Msomaji, Mungu akubariki, akupe masikio kabla ya mdomo.