Kinundu Kisichokatwa

Mama Msumeno hakuwa na imani na kitu chochote kizima. Jiwe likiwa zima, alilitazama kwa jicho la pembeni. Tunda hakulila kabla ya kulipasua na kulichungulia mpaka kwenye kokwa, na mkate ulipoletwa mezani aliuanzia katikati, si pembeni kama watu wengine, aone kama waokaji wamemficha kitu. Mume wake, fundi cherehani, alizoea kuwaambia wageni kwamba usiku wa harusi yao aliogopa kulala usingizi.

Jina lile alipewa na wanafunzi wa chuo. Alikuwa akitunza ghala la vielelezo, chumba kirefu chini ya jengo la sayansi, chenye makabati ya mbao yaliyopanda mpaka darini. Mwishoni mwa chumba, karibu na dirisha, ulikaa msumeno wa kukatia mawe, bamba la duara lililozunguka huku likimwagiwa maji. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha chupa. Mzee wa msumeno alipostaafu, hakupatikana mwingine wa kuvumilia kelele na matope, akaachiwa yeye. Walimu walimletea mawe, mizizi na vipande vya chuma. Yeye alikata, akasugua uso mpaka ukang'aa, akapanga kwenye sinia, akabandika jina.

Mwaka huo chuo kiliandaa maonyesho, na mwalimu wa jiolojia, bwana mwenye tumbo na kicheko cha karibu, akaomba meza nzima kwa ajili ya neno moja tu: kinundu.

"Mama, unajua kila sayansi ina vinundu vyake?" alimwambia, akiegemea kabati ambalo hakuruhusiwa kuliegemea. "Sisi wa mawe tunavyo, wa kilimo wanavyo, madaktari wanavyo, hata wale wa chuma. Tuviweke pamoja, watu wakae navyo uso kwa uso."

"Kwani ni ndugu?"

"Kwa umbo tu. Donge dogo, la mviringo, lililojitenga na kile kinacholizunguka. Ukishasema hivyo, umemaliza. Tabia, kila mmoja na yake."

"Na ndani?"

"Ndani ndiyo kazi yako, mama. Na mikono yako ya matope."

Akacheka, akaenda zake. Mama Msumeno akabaki na lile neno. Halikumkaa vizuri. Neno linalotosha kufunika vitu vingi namna ile bila kusema ndani mna nini lilikuwa kwake kama pazia la nyumba ya jirani.

Akaanza kupanga. Kutoka kwa watu wa jiolojia zilikuja mbatata nyeusi za mawe, zilizoopolewa kwenye sakafu ya bahari kuu. Alipozikata alikuta tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, madini yaliyojikusanya polepole, kwa umri usiohesabika, kuzunguka jino la papa. Yalikuja pia mawe ya gumegume, magumu kama chuki, yaliyokulia ndani ya chokaa laini. Karakana ilileta kipande cha chuma cha kusubu. Chini ya hadubini kilionyesha madoa meusi ya mviringo, kaboni iliyojikunyata, na mwalimu wao aliapa kwamba madoa yale ndiyo yanayokizuia chuma kisivunjike ovyo.

Idara ya kilimo ilileta mizizi ya maharage iliyong'ang'aniwa na vinundu kama shanga. Hivi alivifahamu kwa muda mrefu. Ni nyumba za bakteria, wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea huwalisha. Kwa nje vyote ni mapacha. Ila ukivipasua kwa wembe, chenye wekundu ndani, wekundu wa damu iliyotiwa maji, hicho kinafanya kazi. Cha kijivu au kijani kimekwisha, hata kama ngozi yake inang'aa kuliko ya wenzake.

Hilo la ngozi kung'aa ndilo lililomlea. Uso, kwake, ulikuwa ganda. Na katika ghala lake kitu kilichoachwa bila kukatwa kilikuwa na maana moja tu: kimeoza, au kimepasukapasuka ndani kiasi kwamba msumeno utakigeuza vumbi. Vitu hivyo viliwekwa sinia ya chini kabisa, bila jina, vikingoja kutupwa.

Basi tazama jambo lililomkuta. Fundi alikuwa akimpima gauni la kuvaa siku ya maonyesho. Utepe ulipozunguka shingo, vidole vyake vikasimama.

"Kuna nini hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Meza mate." Akambonyeza taratibu. "Kinapanda na kushuka. Mke wangu, umemeza kifungo changu?"

Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho kwa siku nyingi. Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari, mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, alimpaka mafuta baridi shingoni, akapitisha kifaa chake, akatazama kioo cha mashine. Kisha akasema maneno yaliyomgandisha Mama Msumeno pale kitandani.

"Una kinundu kwenye tezi ya shingo, mama. Kidogo. Hakina haja ya kukatwa wala kuchomwa sindano. Tukiache, urudi mwakani tukitazame tena."

Kukiacha! Hakuuliza hata swali moja. Aliinuka, akafuta mafuta, akafunga vifungo vyake kombo. Akapitia chooni, na alipotoka alimwona mumewe koridoni amesimama na daktari, vichwa vimekaribiana. Walipomwona wakaachana kama watu waliofumaniwa.

"Alikuwa akikwambia nini?" alimuuliza njiani.

"Nani?"

"Baba watoto, usinifanye mtoto."

"Aah. Nilimuuliza mlango wa kutokea."

Mlango wa kutokea, na walikuwa wameingia kwa mlango huo huo!

Machale yakamcheza kuanzia hapo. Mtu anayekata vitu kwa ajili ya riziki anajua kwamba hakuna awezaye kusema kinundu ni salama kabla ya kukiona ndani. Daktari hakukata. Basi, ama hajui anachosema, na mtu aliyesoma miaka yote ile atakosaje kujua, ama amejua vizuri mno. Amemweka sinia ya chini. Na mumewe ameambiwa.

Aliamua kunyamaza na kuangalia, kama anavyofanya mbele ya jiwe asilolijua. Aliacha kumgombeza kwa pini zilizotapakaa sakafuni. Aliacha kumuuliza amekula wapi. Naye fundi, mtu ambaye hakuweza kupitisha chakula cha jioni bila kumchokoza, akawa mpole kama mgonjwa. Aliosha vyombo. Alimwekea mto mgongoni. Asubuhi moja alimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akimtazama shingo.

"Unatazama nini?"

"Sitazami kitu."

"Una macho, lazima yatazame kitu."

"Basi nakutazama wewe. Ni kosa?"

Haikuwa kosa. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Siku ya mapumziko akaja wifi yake, dada mkubwa wa fundi. Mwanamke huyu hakuwahi kuingia nyumba ile bila kupitisha kidole juu ya kabati na kukitazama. Siku hiyo alikuja na mfuko wa machungwa, akaketi, mikono mapajani.

"Wifi yangu, hujambo? Umependeza."

Mama Msumeno alimmiminia chai. Wifi akanywa, akafumba macho.

"Tamu sana."

"Sijatia sukari."

"Ndiyo tamu yenyewe. Sukari nyingi ya nini?"

Alipoondoka, Mama Msumeno aliyapasua machungwa yote, moja baada ya jingine, juu ya meza ya jikoni. Yalikuwa mazima, yenye maji, hayana hata funza mmoja. Akakaa katikati ya ile harufu, akalia bila sauti. Wifi yule kusifu chai yake, tena chungu? Hiyo ilikuwa risala ya maziko.

Siku chache kabla ya maonyesho, mwalimu wa jiolojia alikuja kukagua meza. Alisifu kila kitu, ila akachukua mbatata moja nyeusi ambayo ilikuwa imeshawekwa tayari kando ya msumeno.

"Hii usiikate. Itakaa nzima."

"Kwa nini? Imeoza?"

"Imeoza wapi? Nzuri kuliko zote."

"Mwalimu, hujui ndani mna nini."

"Najua kiasi. Nimeipima uzito, najua ilikotoka, nimeona dada zake. Kuna kujua kwa kukata na kuna kujua kwa njia nyingine, mama. Ukivikata vyote, watu watadhani vinundu huzaliwa nusu nusu."

Alicheka peke yake. Mama Msumeno aliiweka ile mbatata mezani, kisha akajishika shingo, na mwalimu akaacha kucheka.

"Unaumwa?"

"Na wewe umeambiwa?"

"Nimeambiwa nini?"

Alivua aproni, akatoka na matope yake kwenye viatu, akaenda moja kwa moja kibandani kwa mumewe. Leo fundi angesema. Angemshika ukosi, angemkalisha juu ya cherehani yake, na angesema. Alikuta cherehani imefunikwa. Jirani yake, mshona viatu, aliinua kichwa, misumari midomoni.

"Fundi kaenda hospitali. Tena. Hukujua?"

"Nilijua," alisema Mama Msumeno, na lile "tena" likamchoma kama sindano.

Kliniki ilikuwa tupu saa hiyo. Mlango wa daktari ulikuwa wa aina ile isiyofunga sawasawa, iliyokaa wazi kiasi cha upana wa kiganja. Alisikia sauti ya mumewe kabla hajafika, akasimama ukutani, moyo ukimdunda mpaka ndani ya kile kinundu.

"Daktari, mimi ni mtu mzima. Niambie tu. Yeye ulimwambia nini nilipokuwa nje?"

"Nilichokwambia wewe. Mara hii ni ya tatu unaniuliza."

"Hapana. Kuna kitu mnanificha, wewe na yeye. Namjua mke wangu. Ameacha kunigombeza, daktari! Nimeacha pini sakafuni kwa makusudi, amezipita kama hazioni. Mwanamke yule haachi kitu. Ameacha kila kitu. Hata dada yangu nilimtuma akamchokoze kidogo, ameshindwa, amerudi amenyong'onyea, anasema wifi amemtazama kwa macho ya kuaga."

Mama Msumeno alisukuma mlango.

"Macho ya kuaga? Dada yako amekuja kuniaga yeye, na chai yangu chungu anaisifu!"

Fundi aliruka, kofia ikamwanguka. Daktari alitazama matope yaliyoingia na viatu vile, akaweka kalamu chini.

"Karibu, mama. Kaa. Kaeni wote, maana hili jambo limenichosha."

"Sikai. Kwa nini hukunikata?"

"Kwa sababu hakuna sababu."

"Mimi nakata kila siku. Kisichokatwa ni kile kisichofaa tena. Mnaona ndani vipi bila kukata?"

Daktari aliwasha mashine, akatafuta picha, akageuza kioo kuelekea kwao. Mama Msumeno alijikuta ameketi. Aliona kitu cha mviringo, cheusi, kwenye giza la kijivu, kimetulia kama kisima kinachotazamwa kutoka juu.

"Hii ni sauti inayoingia na kurudi," alisema daktari. "Pale penye maji inapita bila kurudi, ndiyo weusi huu. Chako kimejaa maji. Tazama ukingo wake. Laini, mzima, haujaingia popote. Kingekuwa kigumu, chenye ukingo uliochongoka, chenye chembechembe nyeupe ndani, ningekutoboa siku ile ile. Wanawake wengi wanazeeka navyo na hawajui."

"Wengi, si wote."

"Si wote. Ndiyo maana nimesema urudi."

"Na nikitaka ukikate? Nikisema kwamba sitalala mpaka nikione?"

"Shingo si jiwe, mama. Nyuma ya tezi hii unapita mshipa wa sauti. Nikikosea kidogo tu, utabaki unanong'ona maisha yako yote."

Fundi aliokota kofia yake, akaipangusa polepole kwa kiwiko.

"Daktari," alisema, "hilo la kunong'ona mbona hukunidokeza mapema?"

Mama Msumeno aligeuka akamtazama. Midomo ya mumewe ilikuwa inatetemeka, hakujua kama ni kicheko au kilio. Akampiga begani, pigo la kweli, na fundi akalipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Koridoni siku ile," alimuuliza, "ulimwambia nini huyu daktari?"

"Nilimwomba kama kuna ubaya aniambie mimi, asikwambie wewe."

"Akasema?"

"Akasema hakuna ubaya. Sikumwamini."

"Hukumwamini," alirudia Mama Msumeno, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi anaongea na mtu wa nyumbani kwake.

Alikitazama tena kile kisima cheusi kwenye kioo. Alitafuta ufa kwenye ukingo wake, akauzunguka kwa macho mara mbili, asiuone. Haikumtosha. Isingemtosha kamwe, na alijua atakuwa akikibonyeza kila asubuhi mpaka mwaka uishe. Lakini alisimama, akafunga kola.

"Tutakiacha," alisema. "Na mwakani huyu anaingia humu ndani pamoja na mimi, anakaa pale, nimwone uso wewe ukisema."

"Nitakaa," alisema fundi.

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea pamoja, Mama Msumeno akiwa nusu hatua nyuma, upande ambao angeweza kumwona mumewe vizuri.

"Fundi. Kabla sijafika pale mlangoni, ulikuwa umeshasema nini kuhusu mimi?"

"Hakuna."

"Fundi."

"Maneno machache tu."

"Anza na la kwanza."