Futi za Joab Oketch

Watu wengi hushukuru Mungu ndege yao ikifika. Joab Oketch alishukuru Mungu ndege yake ilipokosa kuja, na mpaka leo ukipita kwenye kibanda chake, katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, atakueleza sababu, utake usitake.

Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, baba yake akiwa ametoka upande wa ziwani kutafuta kibarua. Yeye mwenyewe alipogoa chai miaka ishirini na mmoja. Mgongo ulipokataa kuinama, kampuni ikampa kazi ya kutunza kiwanja chake kidogo cha ndege: kufyeka nyasi, kufukuza ng'ombe wa majirani, na kupokea simu za marubani wanaotaka kujua hali ya hewa kabla hawajaondoka Nairobi. Hiyo ya simu ndiyo iliyomtoa jasho. Wiki ya kwanza alipigiwa na rubani mmoja mwanamke, Kapteni Nyambeki.

"Mzee, ceiling yako iko aje leo?"

"Ceiling hatujaweka, Kapteni," Joab akajibu kwa heshima zake zote. "Ni mabati tu. Lakini haivuji."

Kapteni alicheka mpaka akashindwa kuongea. Lakini alikuwa mtu mwema. Alipotua mara iliyofuata, aliketi na Joab kwenye ngazi ya kibanda akamweleza kwamba ceiling ya rubani ni mawingu, yaani dari yake ya angani, na anachotaka kujua ni imeanzia futi ngapi. Akamwachia chati moja iliyopitwa na wakati. Haifai kurukia, alisema, lakini kusomea inatosha.

Joab akaingia kwenye ile chati kama mtu aliyeokoka juzi. Akajifunza kwamba kuna kuruka kwa macho, rubani akiiona ardhi, na kuruka kwa vyombo, ndani ya mawingu, akiamini sindano na namba peke yake. Akajua kwamba kiwanja chake hakina mtambo wa kuongoza ndege mawinguni, kwa hiyo anayekuja kutua lazima akione. Akajua pia kwamba kila kilima kimeandikiwa kimo chake, na kimo hicho huhesabiwa kutoka baharini. Kiwanja chake kilikuwa futi elfu saba. Kilima cha jirani, chenye mlingoti wa simu, elfu saba na mia tano. Mtu ambaye hajawahi kuona bahari hata siku moja akaanza kuitaja kama shamba la mjomba wake.

"Unajua hapa tumekaa futi elfu saba?" alimwambia mkewe, Dorcus.

"Na huo uji wako umepoa futi ngapi?" Dorcus akamwuliza.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa tano, ambulensi ikaingia kiwanjani. Ndani alikuwa binti yao Quinter, nesi mmoja, na mtoto wa siku tatu, mjukuu wa Joab, aliyezaliwa na utumbo ulioziba, hajachafua nepi hata moja. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba asipopasuliwa Nairobi siku hiyohiyo, hakuna ahadi. Kapteni Nyambeki ndiye aliyepangwa kumchukua. Saa tatu simu ikalia.

"Mzee Joab, niko tayari kutoka. Ceiling?"

Joab akatazama kilima. Wingu zito lilikuwa limeumeza mlingoti, likabakisha miguu yake tu. Hesabu ikaja yenyewe.

"Elfu saba na mia tano, Kapteni," akasema bila kigugumizi.

"Hiyo ni nzuri sana. Nakuja kwa macho. Dakika kumi niko hewani."

Quinter akafumba macho, akashusha pumzi. Joab akajiona mtu wa maana. Yule wa mabati alikuwa amekufa na kuzikwa.

Ng'ambo ya ua, kwenye mteremko, vijana wa kupogoa walikuwa kazini, kila mmoja na fimbo yake ya kupimia kimo cha kukatia mti. Mmoja wao, mgeni wa kazi, alikuwa akipimia kutoka ukingo wa barabara ulio juu ya safu, badala ya kusimamisha fimbo chini ya mti wenyewe. Msimamizi wao, Kipkemoi, ambaye p na b zake hubadilishana viti, akampigia kelele.

"Bima kutoka kwa shina! Kila mti iko na chini yake. Nani alikuambia ubime kutoka parabara?"

Joab alitaka kutabasamu, tabasamu likakwama. Maneno hayo yeye mwenyewe aliyasema miaka ishirini na mmoja. Kila mti una chini yake. Na rubani akiuliza dari, anauliza kutoka chini ya kiwanja, pale gurudumu litakapogusa. Kapteni alikuwa amemwambia hivyo palepale kwenye ngazi, lakini mapenzi ya namba kubwa yalimsahaulisha. Kutoka baharini, kweli, elfu saba na mia tano. Kutoka kwenye nyasi alizokanyaga, mia tano tu. Alikuwa amemwita mtu aje kwa macho mahali pasipoonekana, katikati ya vilima.

Akamtazama Quinter. Akisema, ndege haitakuja. Akinyamaza, Kapteni ni hodari, pengine atapata tundu kwenye wingu apenye. Joab hafichi: kwa muda alitamani kunyamaza. Kisha akapiga simu. Ikalia hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Ndio, mzee. Nilikuwa nataka kuwasha injini."

"Kapteni, nimekosea. Ile nilipima kutoka baharini. Kutoka chini hapa kwangu ni mia tano."

"Mia tano?"

"Mia tano. Usije."

Quinter alikuwa nyuma yake. "Baba, umemwambia asije?"

"Nimemwambia."

"Na mtoto wangu?"

Aliyejibu ni Kapteni, maana hakuwa amekata simu. "Upande wa Bomet kukoje? Tafuta mtu aangalie vilima, si jua tu." Dereva wa ambulensi akampigia mwenzake aliyekuwa Longisa, hukohuko Bomet. Huko vilima vyote vilionekana hadi vileleni. Kulikuwa na kiwanja kidogo upande huo, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa barabara, na Kapteni akasema atawakuta huko. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ambulensi ikageuza, na Quinter hakumuaga baba yake.

Saa zilizofuata Joab anasema hawezi kumtakia hata adui. Hakugusa panga, hakufukuza ng'ombe. Saa sita na nusu nesi akamtumia ujumbe kwamba wameruka. Alasiri Kapteni akapiga simu.

"Mzee wangu, tulirudi Nairobi kwa vyombo, tukapita karibu na kwako. Sikuona kilima, sikuona chai, sikuona kitu. Ningekuja kama ulivyosema kwanza, leo hatungeongea."

Joab akakaa kwenye nyasi, akamshukuru Mungu kwa Kijaluo na kwa Kiswahili.

Quinter alipiga simu kesho yake asubuhi. Dorcus alikuwa amemletea mumewe chai, wakasikiliza pamoja.

"Baba."

"Nasikia, nyar wa." Ndivyo anavyomwita kwa Kijaluo, yaani binti yetu, tangu utotoni.

"Mtoto alipasuliwa vizuri. Saa hii amechafua nepi."

Joab akamwomba arudie. Quinter akarudia, akicheka na kulia, na Dorcus akampokonya mumewe simu ili asikie habari hiyo kwa sikio lake mwenyewe.