Foleni ya Msusi

Wanaosema msusi wetu anasuka kama konokono hawamjui. Hata mimi nilimsema, mpaka siku niliyokaa kwenye kiti chake nikiwa na nundu nyuma ya sikio. Kitana kilipogusa pale, nikashtuka. Aliandika kitu kwenye simu yake, akaiweka kando. Alisuka mstari mmoja, akaufumua, akaanza upya.

"Sasa unafumua nini?" nilimwambia kwa hasira. "Mume wangu ananisubiri."

"Mwache asubiri. Dada yako nimeshamwandikia, yuko njiani."

Muda si muda benchi la mlangoni likajaa: muuza mkaa, mama mwenye nyumba wangu na jirani tunayechangia naye ukuta. Wote walikuwa wamesukwa juzi tu, na wote eti wanasubiri zamu. Mume wangu alipokuja kunifuata, hakupata pa kupita.

"Kuna foleni, shemeji," mama mwenye nyumba alimwambia kwa upole.

Alisimama pale akitazamwa, mwisho akaondoka zake. Mimi niliondoka na dada, na mpaka leo naishi kwake.

Wiki iliyopita nilirudi kusukwa. Msusi alimaliza hata chai yangu haijapoa.

"Leo mbona haraka hivyo?"

"Leo una pa kurudi," alisema, akinipangusa nywele shingoni.

Nilipoinuka, akakaa binti mmoja aliyejifunika mtandio mpaka machoni. Msusi akasuka mstari wa kwanza taratibu, kisha akaufumua.

Nikaweka mkoba chini, nikaketi kwenye benchi kusubiri zamu yangu.