Leo Umevaa Rangi Gani?

Na wala msituambie eti alijitahidi. Kujitahidi kila mtu anajitahidi, hata kuku anajitahidi kuvuka barabara. Nyinyi mnaendelea tu kumpigia makofi Redio kila akipita, "Mwalimu wetu wa nje huyoo!", na yeye akiinamisha kichwa mnadhani ni adabu. Si adabu ile. Tulieni muelezwe, halafu mseme wenyewe kama makofi yanamfaa.

Redio mnamjua, binti wa mama muuza mkaa. Jina hilo kapewa tangu yuko mdogo kwa sababu ukimwasha hazimiki. Shuleni alitolewa nje ya darasa kwa kuongea mpaka ule ukuta wa nje ukamzoea. Kiingereza chenyewe alikipata kwa domo hilo hilo, si kwa kukaa kimya na kitabu. Shule ikaisha, kazi hakuna, akawa anapima mkaa na mama yake, kucha nyeusi. Ndipo likaja shirika linatafuta vijana wa kujitolea, waende nje wakafundishe Kiingereza.

Nje! Mtaa mzima tukajua binti anakwenda kwenye theluji. Mama yake akamtafutia koti la mtumba zito kama godoro. Kumbe nje yenyewe ni safari ya basi, nchi ya kuvuka mpaka, na Kiswahili huko wanakiongea vile vile, wanakipindisha tu kidogo mwishoni.

"Sasa hiyo ndiyo nje?" kaka yake akamcheka. "Si ungeruka uzio tu?"

"Pasipoti itagongwa muhuri au haitagongwa?"

"Itagongwa."

"Basi funga domo. Nje ni nje."

Akaenda na koti lake.

Walimpangia chumba kwa mjane mmoja mstaafu, mama mtu mzima aliyetembea na funguo kiunoni, akipita unasikia kama mbuzi mwenye kengele. Redio siku ile ile akambatiza Bibi Funguo, lakini kimoyomoyo, maana hakukuwa na wa kumwambia. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, na kabati. Akafungua kabati atundike koti, akakuta limejaa. Ndala za kila saizi. Mwavuli uliovunjika mbavu. Mafuta ya nywele nusu chupa, blanketi, kofia ya jua, soksi moja.

"Bibi, vitu vya nani hivi?"

"Vya wenzio."

"Watarudi kuvichukua?"

Bibi akacheka kwa pua. "Chagua ndala zinazokutosha. Bafuni kunateleza."

"Asante, Bibi. Mimi naitwa—"

"Wewe ni Mwalimu. Wote ni Mwalimu. Nikianza kukariri majina nitamaliza lini, mwanangu?"

Akafunga mlango, funguo zikaondoka naye.

Hapo Redio akaanza kuujua ugeni. Watu wanadhani ugeni ni kutojua lugha. Lugha anaijua! Lakini dukani akifungua mdomo tu muuzaji anatabasamu, anamwita mwenzake wa nyuma aje asikie "huyu wa ng'ambo" anavyosema "sabuni". Watu wakicheka kwenye foleni ya maji hajui wanamcheka nani. Bibi Funguo alikuwa anampakulia chakula chake, anakiacha mezani kimefunikwa, halafu yeye anakwenda kula chumbani kwake na mlango umefungwa. Siku za mwisho wa wiki Redio aliweza kushinda asubuhi mpaka jioni bila kumwambia mtu neno. Redio! Ile betri iliyokuwa haiishi ikaanza kufa yenyewe. Akawa anajifunika lile koti kichwani, linanuka mkaa wa nyumbani, analia humo ndani ili Bibi asisikie. Na Bibi alisikia. Wote walilia kwenye kitanda kile.

Kilichomwokoa ni darasa. Lilikuwa stoo nyuma ya karakana ya kushona, na wanafunzi walikuwa mafundi wenyewe, wanawake watu wazima wenye uzi kwenye nywele na vidole vilivyotobolewa na sindano. Shirika lilimpa kitabu kimoja, somo la kwanza rangi, la pili viungo vya mwili. Siku ya kwanza akanyoosha kidole ukutani, hajamaliza kuuliza, darasa zima likamtajia rangi ya ukuta. Akagusa gauni la mmoja, wakamtajia. Akagusa kiatu. Wakamtajia mpaka rangi ambazo yeye mwenyewe ilibidi afikirie.

Akatoka mbio kumpigia mama yake. "Mama, hawa watu vichwa! Siku moja tu!"

"Au wewe ndiye mwalimu mzuri," mama mtu akasema, na kesho yake sokoni kila mteja wa mkaa akasimuliwa.

Wiki ya pili Redio akafunua mbele zaidi, kwenye maneno ya nyumbani. Umekula? Unaumwa wapi? Darasa likawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Akauliza tena.  Akakiangalia kile kitabu vizuri: mwanzoni kurasa zimechakaa, zina mafuta ya vidole, pembe zimekunjika, na kuanzia katikati ni nyeupe, kurasa nyingine bado zimeshikana tangu kiwandani.

Mbele kabisa alikaa fundi mkuu wa karakana, mwanamke mwembamba, wenzake wote wanamwita Fundi tu kana kwamba wao si mafundi. Ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, huko hatujawahi kufika."

"Kwa nini?"

"Mnaondoka." Alisema bila hasira, kama mtu anayekutajia bei. "Kila anayekuja anaanza na rangi. Akifika kwenye pua na masikio, muda wake umekwisha, tunampiga picha, tunamwimbia, anakwenda. Anakuja mwingine. Rangi. Tukimwambia tunazijua, anatuambia tusiwe na haraka. Mdogo wangu, sisi tunazijua rangi mpaka zenyewe zimetujua."

Wenzake wakacheka. Redio hakucheka. Zile sifa alizojipa zikamrudia usoni kama moshi.

Jumapili Fundi akamwita kwake. Chumba kimoja, cherehani chini ya dirisha, na juu yake picha ya mtoto wa kike. Mtoto huyo baba yake alimchukua alipokuwa anaanza kutembea, akahamia naye nchi ya mbali kweli kweli, ile yenye theluji, akaoa mke mwingine huko. Mtoto sasa anasoma, Kiswahili kimemtoka chote, anaongea Kiingereza tu. Kila Jumapili baba anapiga, hasalimii, anamshikisha mtoto simu na kuondoka.

Simu ikalia. Fundi akajifuta mikono, akakaa wima.

"Hujambo, mwanangu," akasema kwa Kiingereza, polepole. Halafu: "Leo umevaa rangi gani?"

"Bluu," mtoto akajibu.

"Viatu?"

"Vyekundu."

"Na mpira wako?"

"Kijani." Mtoto akaendelea kusema, maneno mengi, mbio mbio, akacheka, akauliza kitu. Fundi akawa anatikisa kichwa kukubali, na mtoto haoni kichwa.  Simu ikakatika.

"Ndiyo hivyo," Fundi akasema. "Najua nguo zake zote. Mwanangu simjui."

"Sasa dada yangu, si ungeniambia nikutafsirie? Nilikuwa hapa hapa!"

"Mambo ya mtu na mwanawe, unaweka mtu katikati? Leo upo, kesho haupo, nibaki nimezoea mdomo wako. Nipe wangu."

Basi Redio akakitupa kile kitabu. Hapo lazima tumpe haki yake, hatumnyimi. Akawafundisha yale wanayoyataka. Nani anakusuka? Nani kakupiga? Unalala vizuri? Fundi alirudia maneno huku anakanyaga cherehani, sentensi moja kila mshono, mpaka mafundi wengine wakawa wanamjibu kutoka kwenye mashine zao. "Umekula?" "Sijala!" "Nani kakupiga?" "Huyu hapa, nikamatieni!" Vicheko mpaka mwenye karakana anachungulia. Redio akawaka tena. Akawa anachelewa kurudi, na Bibi Funguo anamwacha na chakula chake baridi.

Jumapili moja Fundi akamuuliza mtoto nani anamsuka nywele. Mtoto alizoea rangi, akamwomba arudie. Halafu akasema hakuna, mama wa kambo kamkata zote, na zilimuuma. Fundi akaelewa. Akaelewa lote! Akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia Redio, machozi yanatiririka, anacheka: "Kanyolewa! Mwanangu kanyolewa, nimemsikia!" Akarudi kwenye simu akamwambia zitaota. Wakaongea mpaka baba akaja kumnyang'anya mtoto simu.

Siku hiyo Redio alisema hatorudi nyumbani mpaka Fundi aweze kuongea na mtoto kitu chochote. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya ile picha.

Halafu muda wake ukafika. Mratibu wa shirika, kijana mmoja mwenye shati limepigwa pasi mpaka lina kona, akamwita ofisini.

"Unaweza kuongeza muda. Sema ndiyo tu, mengine kazi yangu."

Neno moja. Redio, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia.

Lakini alikuwa amechoka. Amechoka kuitwa wa ng'ambo, kula chakula kilichofunikwa na kulala peke yake kwenye kile kitanda cha watu wote. Mama yake alikuwa kila siku kwenye simu, mgongo unamuuma, magunia ya mkaa hayana wa kubeba, kaka mtu yuko kijiweni. Alitaka kulala mahali ambapo akikohoa kuna mtu anamwambia pole.

"Kuna mwingine atakuja?" akauliza.

"Wapo tele."

"Basi mwambieni asianze na rangi. Aanzie katikati."

"Sawa," mratibu akasema, huku anaangalia simu yake.

Ile "sawa" Redio aliijua ni sawa ya namna gani. Mtoto wa mtaani huyu, hauziwi mbuzi kwenye gunia. Akainunua hivyo hivyo.

Kumwambia Fundi ikawa kazi. Alimkuta anakata kitambaa.

"Dada, muda wangu umeisha."

Mkasi haukusimama. "Wamekataa kuuongeza?"

"Eeh," Redio akasema. "Wamekataa."

Fundi akamtazama kidogo tu. "Haya. Tutakuimbia Ijumaa."

Wakamwimbia. Wakampiga picha. Asubuhi ya kuondoka alikuwa mezani anakunywa chai, akasikia funguo chumbani kwake. Akachungulia. Bibi Funguo alikuwa ameshavua mashuka, godoro limesimamishwa linapigwa hewa, na Redio hajamaliza hata kikombe.

"Bibi, hata sijatoka!"

"Umeshatoka, mwanangu." Akakunja shuka. "Nilikuwa nakula nao wa mwanzoni. Nikawapikia, nikawaita wanangu. Wakiondoka nilikuwa siwezi kupika siku nzima. Sasa nakula chumbani." Akafungua kabati. "Hilo koti unalibeba?"

Ndani ya basi ni joto, begi limejaa. Koti likabaki, pamoja na ndala na mwavuli.

Nyumbani mlimpokea wenyewe, hamna haja ya kukumbushwa. Vigelegele, ngoma, Mwalimu wa nje! Aliahidi kumfundisha Fundi kwa simu. Akamfundisha mara mbili. Mara ya tatu mtandao ukasumbua, mara ya nne mkaa ulishushwa usiku akawa hoi, halafu ikawa kesho, halafu kesho ikazaa kesho. Mwalimu mpya alikuwa ameshafika kule. Fundi mwenyewe alimwambia ameanza na nini, hamhitaji kuuliza.

Halafu ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu. Redio aliusikiliza mchana, amekaa juu ya magunia, na sisi wengine tulikuwa pale pale tunasubiri kupimiwa, hakujua kama spika iko wazi.

"Mwalimu, mimi Fundi. Jumapili iliyopita mtoto alikuwa analia. Akasema kitu. Akakirudia, akakirudia, anapiga kelele. Sikuelewa. Sijui ni maumivu, sijui ni mtu, sijui. Nikamuuliza leo umevaa rangi gani. Akakata simu. Leo Jumapili hajaja kwenye simu, baba yake anasema hataki. Unajua ile 'nini kimekupata' inasemwaje? Nimeisahau. Nitumie tu hiyo moja."

Redio akaigeuza simu uso chini kwenye vumbi la mkaa. Akatupimia. Tangu siku ile haongei, mmemwona wenyewe, mnasema eti nje kumemkomaza, kawa mtulivu. Utulivu gani! Aliulizwa sentensi moja na hajaituma. Mwanzo alikuwa anatafuta jinsi ya kukiri ule uongo kwamba walimkatalia. Sasa anaona aibu kwa kuchelewa, na kila siku akichelewa aibu inanenepa, na anaitumia hiyo hiyo aibu kuchelewa tena. Kaka yake kamwambia apige, kamtukana, mpaka simu kamwekea mkononi. Anaishika kama kaa la moto, anairudisha chini.

Kwa hiyo acheni makofi. Wewe unayepanga kwenda kujitolea, siku ya kwanza waulize wameishia wapi, na kama huna mpango wa kukaa, baki kwenu upime mkaa. Na nyinyi wa hapa hapa, jioni mkipita kwa mama muuza mkaa, mtamkuta juu ya magunia. Msimsifie. Msimwite Mwalimu. Kila mmoja wenu, akimaliza kupimiwa, amwambie neno hilo moja tu mpaka limchoshe: mpigie Fundi.

Anzeni leo.