Siku Saba za Kumwagilia Sakafu

Asubuhi ile tulihamisha kitanda. Binti yangu alishika kichwani, mimi miguuni, tukakilaza ubavu kipite mlangoni, tukakisimamisha sebuleni. Kisha kabati la nguo. Kisha ndoo yenye vitabu vyake. Sakafu ya chumba chake ilikuwa imepasuka tangu mama yake yu hai, na kila mvua ikinyesha siafu walitoka kwenye ufa. Alinisumbua mwaka mzima niitengeneze.

"Mganga hajigangi, baba, ila wewe umezidi," alisema.

"Leo namaliza. Itakuwa laini kama sahani."

"Ikiwa laini hivyo nitateleza nivunjike kiuno, nikose mume."

"Ukikosa mume utakaa hapa unitunze."

"Nikutunze wewe, unavyokoroma? Majirani wanadhani tumefuga."

Akanywa chai amesimama. Akatoka, akarudi kuchukua mkoba, akatoka tena. Nilikuwa nimeshaanza kuchanganya mchanga na saruji, sikuinua kichwa. Nilisikia geti likifungwa.

Hiyo ndiyo asubuhi yote. Watu wameniuliza habari zake mara nyingi, na kila mmoja anataka kuwe na kitu ndani yake. Hakuna.

Mimi ni mwashi. Shule sikwenda. Kusoma na kuandika nilifundishwa na mke wangu nikiwa mtu mzima, kwa kalamu ile ile ya kuandikia vipimo ukutani. Mke wangu alifariki miaka sita kabla ya haya, kwa ugonjwa wa figo. Tukabaki wawili. Juu ya binti yetu yameandikwa mengi na watu wasiomjua. Mimi nilimlea, nitaandika ninayoyajua.

Tulimpata tukiwa tumeshachoka kungoja. Alikuwa mtoto wa maswali. Akiniona napima ukuta anauliza ukuta unaumwa nini. Alikuwa mkaidi pia, sitamsafisha. Akikasirika hasemi, anaosha vyombo kwa kelele. Na jambo lake hakulitoa mpaka liive. Alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule nililijua baada ya siku tatu, kwa mwalimu, njiani. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema alikuwa anangoja nipate nafasi. Nilikuwa napiga lipu nyumba ya mtu.

Alikuwa fundi miwani. Si wa kupima macho, wa kukata vioo. Dukani kwao kulikuwa na mashine yenye gurudumu la kusagia, maji yanadondoka juu yake, naye anakizungusha kioo polepole mpaka kiingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Jioni alirudi na unga mweupe kwenye nyusi. "Kioo kikikaa vibaya kidogo tu," alikuwa akisema, "mtu ataumwa kichwa mwezi mzima na hatajua kinachomuuma." Mtaani walimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe macho yake yalikuwa mazima. Jumapili wazee wa mtaa walikuja na miwani yao iliyolegea, wakakaa barazani kwetu, naye akawakazia skrubu kwa bisibisi ndogo kama sindano. Hakuwatoza.

Siku ile hakurudi.

Mimi nilimaliza sakafu alasiri. Jioni nikapiga simu yake, ikawa imezimwa. Asubuhi nikaenda polisi. Askari aliyekuwa zamu aliniangalia, akaniambia, "Mzee, huyu ni mtu mzima. Miaka ishirini na sita. Watu wazima hurudi."

"Wangu hajawahi kuchelewa bila kusema."

"Wote huwa hawajawahi, mzee."

Nikarudi nyumbani, nikachukua ndoo, nikaimwagilia sakafu.

Hapa nieleze, maana hapa ndipo palipoharibika. Saruji mbichi ikiachwa ikauke haraka hupasuka. Ni lazima uinyweshe maji, asubuhi na jioni, siku saba. Kila mwashi anajua, hata aliyeanza kazi jana. Mchana kutwa nilikuwa nazunguka na picha ya binti yangu, hospitalini, sokoni, kwenye vituo vya magari mjini mle, nikirudi nashika ndoo. Sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe. Na kama nilifikiri, nilifikiri kwamba atarudi, na akirudi asikute ufa.

Maneno yalianza siku ya tatu. Kwanza walisema amefuata mwanamume. Kisha wakasema ana mimba, ya mwenye duka la miwani. Mwenye duka ni mzee kunizidi, anatembea kwa fimbo, akalazimika kufunga duka siku mbili. Kisha wakasema ameuzwa nje. Mama wa duka la rejareja kona ya mtaa wetu alikuwa anapokea kila neno kwenye simu na kuliongezea chumvi kabla ya kulipitisha. Siku ya tano nilikwenda kwake kununua sabuni. Hawakuniona nikifika.

"Mimi nasema hivi," alikuwa anasema, "mwanao kapotea, wewe unaosha sakafu. Asubuhi na jioni. Anaosha nini?"

"Na sakafu yenyewe mpya," mteja mmoja akasema. "Kaimwaga siku ile ile."

"Mimi sijasema kitu."

"Hata mimi sijasema. Nauliza tu."

Nikaomba sabuni. Akanipa. Wote wawili wakanisalimia kwa heshima, shikamoo mzee, pole mzee, Mungu yupo. Yule mteja alikuwa amevaa miwani. Nilimjua. Jumapili moja kabla ya hapo alikuwa amekaa barazani kwangu, na binti yangu amepiga magoti mbele yake anatafuta skrubu iliyoanguka.

Wengi walisoma uongo juu yake kwa miwani aliyoikaza yeye.

Siku ya sita ikatoka picha. Kuna mwanamume anayerusha habari kwenye mtandao akiwa nyumbani kwake, kavaa tai, nyuma yake pazia jekundu. Jirani alinionyesha. Mwanamume yule alisema kwa sauti ya chini, kama aliyefiwa yeye. Akauliza mke wangu alikufa kwa nini hasa, na nani alimwona daktari. Kisha akaionyesha picha yangu. Nimeinama kwenye chumba cha binti yangu, ndoo mkononi, maji yanatandaa sakafuni. Chini waliandika, Baba anasafisha nini? Waliotazama walikuwa wengi kuliko watu wote niliowahi kuwajengea.

Nikamwomba jirani aikuze ile picha. Ukingoni, upande wa kushoto, palikuwa na mguu wa kitanda kilichosimamishwa. Maana yake aliyepiga alikuwa sebuleni mwangu, amekaa kwenye kiti kilicho karibu na kitanda. Wiki ile mtu mmoja tu alikalia kiti hicho.

Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Watu wanamwita Timazi, kwa sababu ukuta wake haujawahi kwenda upande. Ni mwashi. Tumefanya kazi pamoja miaka thelathini na moja. Jukwaa moja, ndoo moja, kijiko kimoja kwenye sufuria la mchana. Binti yangu alikuwa akimwita Mjomba Mkubwa, na hakuwa na mwingine mdogo. Kila jioni ya wiki ile alikuja, akakaa pale, akaniambia tupige moyo konde.

Siku ya saba nikamngoja. Alipoingia sikumpa mkono.

"Shemeji, ulipiga picha."

Akavua kofia. Akaishika.

"Waliniomba, shemeji. Walisema wanataka picha ya familia, isaidie kumtafuta."

"Hiyo ndiyo ya familia?"

Akaizungusha kofia mikononi.

"Saruji inamwagiliwa siku ngapi?" nikamuuliza.

"Shemeji, usinifanye mwanafunzi."

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Uliwaambia?"

"Hawakuniuliza hilo."

"Walikuuliza nini?"

Aliangalia chini. Ndoo ilikuwa miguuni mwangu, imejaa, ilikuwa zamu ya mwisho. Akasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Na mimi nina uchungu. Watu wanasema, unasikia leo, unasikia kesho, mwisho na wewe unajiuliza. Moyo wa mtu ni msitu, shemeji."

"Wangu umekaa ndani yake miaka thelathini na moja."

"Nilitaka kujua tu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje jambo kama hilo?"

Basi hakuweza kuniuliza mimi, akaweza kuuliza dunia nzima. Nilichukua ndoo nikaenda kumwagilia. Nilipotoka chumbani hakuwepo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani wanasema chawa.

Siku ya tisa polisi walikuja na barua na watu wenye nyundo. Askari yule wa mwanzo aliniomba radhi kwa macho, lakini alisema wakubwa wamesukumwa na kelele za watu. Nikawaambia wavunje. Nikawaambia pia wameanzia pabaya, penye zege nene, waanzie mlangoni. Mtu mmoja akaandika hilo kwenye daftari. Mtaa wote ulikuwa ukutani kwangu, simu juu. Mama wa duka alileta kigoda chake.

Waliichimba kutwa, maana ilikuwa sakafu nzuri. Chini ya zege walikuta kokoto. Chini ya kokoto mchanga. Chini ya mchanga udongo, na siafu. Jua lilipokuwa linazama wakaweka nyundo. Watu wakashuka ukutani mmoja mmoja. Hakuna aliyesema pole. Niliyemsikia alisema, "Basi kamhamishia kwingine." Mwanamume wa tai hakufuta kitu. Alisema uchunguzi unaendelea.

Mimi nilikaa nikitazama lile shimo. Sikuumia kwa ajili ya jina langu, nina umri wa kufa nalo likiwa chafu. Niliumia kwa hesabu nyingine. Siku tisa polisi, majirani, na watu wale wote wasio na idadi walikuwa wanamtafuta binti yangu chini ya miguu yangu. Kwingine alikokuwa, hakuna aliyetazama ila mimi mwenyewe, kwa miguu.

Siku ya kumi jioni, baada ya habari kuenea kwamba sakafuni hamna kitu, akaja msichana anayefanya kazi na binti yangu, yule anayekaa mbele dukani na kupokea wateja. Alisimama getini hakuingia. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mzee, nimekuja kusema jambo. Utanipiga."

"Sijawahi kumpiga mtu. Ingia."

Hakuingia. Alisema siku ile binti yangu aliomba ruhusa saa tatu, akaenda kupanda gari la abiria kwenda mji wa pili. Kuna chuo kule cha kupima macho. Alikuwa ameitwa kuhojiwa saa nane, arudi jioni ile ile. Akimaliza miaka miwili angekuwa wa kupima, si wa kukata tu. Aliliweka siri kwa sababu angeniacha peke yangu miaka hiyo miwili.

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniapisha. Siku mbili za kwanza nilidhani amekaa kule. Kisha wakaanza kusema ni wewe. Mzee, nisamehe, nikaamini. Nikajua alirudi jioni, na wewe ndiye... Nikaogopa."

Nilikwenda kuvaa viatu.

Asubuhi ya kumi na moja nilikuwa na askari yule kwenye kituo kikuu cha magari, ofisini kwa wenye kamera. Kamera ile huweka picha siku kumi, kisha inaandika juu yake. Kijumba kilikuwa na joto, feni haizunguki. Yule wa kamera alirudisha nyuma mpaka mwisho, akatuonyesha saa. Ilianzia siku moja baada ya siku yake. Jana yake angekuwepo. Siku walipokuwa wanavunja sakafu alikuwa bado yupo ndani ya ile mashine, na mkoba wake, anapanda gari fulani, na gari lina namba.

Madereva waliulizwa. Abiria ni wengi, walisema, na siku zimepita. Chuoni walitazama orodha. Jina lake lipo, alama ya kufika haipo. Hakufika.

Ni miezi kumi na minne sasa. Polisi wana faili. Mtaani wana mtu mwingine wa kumsema. Timazi alituma watu waniombe radhi, nikawaambia aje mwenyewe, hajaja. Sakafu sijaimwaga tena, nimerudisha udongo tu. Kila wiki ya mwisho ya mwezi napanda gari la saa tatu na nusu kwenda mji ule, nashuka kila kituo, naonyesha picha, narudi.

Yule msichana wa dukani huja Jumapili. Mwanzo sikumtaka. Alivunja nyumba yangu kwa kunyamaza, kama wengine walivyoivunja kwa kusema. Lakini ndiye mtu wa mwisho ninayemjua aliyezungumza na mwanangu, na hilo siwezi kulifukuza getini. Juzi nilimwomba aniambie maneno aliyoagwa nayo, kama yalivyokuwa, asipunguze wala asiongeze. Nilikwisha kuchoshwa na watu wanaoongeza. Alifikiri, akayasema. Nikamwomba ayarudie mara tatu, nione kama yatabadilika. Hayakubadilika. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, anajifuta unga wa vioo kwenye nyusi, akasema:

"Usimwambie baba. Nitamwambia mwenyewe jioni, akishakula. Akiambiwa na njaa atasema nenda mwanangu, halafu hatakula."